Kwa nini kijana mwenye busara hubadilika mbele ya wenzake

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 15, ambaye nyumbani hujadili mambo kwa busara, alikubali kupanda bodaboda ya rafiki yake usiku bila kofia ngumu. Naomba usiharakishe kumwita mkaidi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, ilhali mifumo inayosisimkia raha na sifa huamka mapema, wakati wa balehe. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi wenzao walipokuwapo kuliko walipocheza peke yao, lakini kwa watu wazima tofauti hiyo haikuonekana. Huenda basi mwanao anaijua hatari vizuri kabisa. Kinachomshinda ni kuizingatia macho ya wenzake yanapomkazia. Mwahidi mapema kwamba akikupigia simu usiku utamfuata, na maswali yatangoja asubuhi.