Tarumbeta: Ninunue Myuti Gani?

SWALI: Kaka, salaam kutoka Malindi. Nimeitwa kupiga tarumbeta kwenye mchezo wa muziki wa jukwaani, noti zimejaa alama za myuti, vile vifaa vya kuchomeka mbele ya tarumbeta kubadilisha sauti, nianze na zipi?

JIBU: Anza na streiti, kapi na Harmon ndugu yangu, hizo ndo zinaitishwa sana. Streiti ya alumini sauti yake kali, kapi inapooza. Harmon ndo yenye kazi, inapandisha tyuni, yaani sauti inakuwa juu kuliko noti, kwa hivyo vuta slaidi (bomba la kurekebishia tyuni) nje kidogo, ukiitoa tu myuti, rudisha slaidi. Plunja, myuti ya kushika mkononi na kufunika mbele ya tarumbeta, wala usiagize, kipira cha kuzibulia sinki kinatosha kabisa, ng'oa mpini. Alafu kabla hujachomeka, pulizia pumzi ya moto kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, kule mbele sauti inakotokea, ndo koki (vile vipande vya kizibo kwenye myuti) ishike, maana myuti ikianguka wimbo ukiwa wa polepole ukumbi mzima utasikia!