Washindani wangu wamenunua kampuni ya katuni: je, leseni yangu imekufa?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina uwanja wa michezo ya watoto hapa Malindi. Si mkubwa: bembea, mitelezo, kasri mbili za upepo na treni ndogo. Mwaka 2019 niliandikiana mkataba wa miaka 10 na kampuni moja ya katuni ya Nairobi, nitumie wahusika wao watatu kwenye kuta, kwenye treni na kwenye fulana. Sasa kampuni ile imenunuliwa na watu wenye uwanja mkubwa huko Mombasa, washindani wangu hasa. Nimeletewa barua kwamba leseni "imekoma kwa sababu ya mabadiliko ya umiliki", nifute michoro ndani ya siku 60 au nilipie leseni mpya. Kuna bwana mmoja anasema anaweza kunihamishia leseni kwa ada. Kijana wangu naye ananiambia hata Disney ilipoinunua Marvel, Universal walinyang'anywa. Mkataba nimekutumia picha zake. Nifanyeje, na Idd hiyo inakaribia?
– Mama Bembea, Malindi

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na kijana wako, maana hadithi hiyo nimesimuliwa mara nyingi hata imenichosha, na kila anayenisimulia huigeuza kichwa chini miguu juu.

Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, walitia saini mkataba wa leseni na MCA, wenye bustani za Universal wakati ule, mwaka 1994. Bustani ya Islands of Adventure ikafunguliwa Orlando, Florida, mwaka 1999, na ndani yake sehemu nzima ya Marvel: Spider-Man, Hulk, Doctor Doom na wenzao. Miaka 10 baadaye, Agosti 2009, Disney wakatangaza kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4, na mwaka haukuisha kabla biashara haijakamilika. Disney wana bustani zao papo hapo Orlando, mwendo kama wa kutoka Malindi hadi Watamu. Kama kununua kungeua leseni, Universal wangekuwa wamefuta kuta zao zamani. Hawakufuta hata kucha ya Hulk. Mwaka 2012 walitengeneza upya picha za mchezo wa Spider-Man. Mwaka 2016 walifungua tena reli ya Hulk, ile inayopindua watu juu chini, baada ya kuijenga karibu yote upya. Mtu aliyepewa notisi ya kuhama hapigi nyumba rangi, sembuse kuijenga.

Aliyefungwa mikono ni mnunuzi. Mkataba wa 1994 uliwapa Universal haki ya pekee mashariki ya mto Mississippi kwa wahusika wanaowatumia na jamaa zao wa kundi moja, na ukazuia jina la Marvel lisitumiwe na bustani nyingine upande ule. Ndiyo maana Disney, wenye Marvel yao, walijenga sehemu ya Avengers, kundi la mashujaa wa Marvel, huko California mwaka 2021, magharibi ya mto. Florida hawakuthubutu. Mwaka 2022 walipofungua mchezo wa Guardians of the Galaxy ndani ya EPCOT, bustani yao ya Orlando, walichukua kundi ambalo Universal hawakulitumia, na jina la Marvel halimo katika jina la mchezo. Wakati huo huo Universal wanaendelea kuwalipa wenye Marvel, yaani Disney. Mshindani analipa kodi kwa mshindani, na wote wanakula.

Tena si upande mmoja tu uliobadilisha mikono. Mkataba ule ulipotiwa saini, MCA ilikuwa mali ya Matsushita wa Japani. Wakaja Seagram, wakaja Vivendi wa Ufaransa, ikaja General Electric, na leo ni Comcast. Wenyewe wamepita, karatasi imebaki.

Sisi watu wa pwani jambo hili lisingetutatiza, maana tumeishi nalo. Nyumba ni yako, ardhi ya chini yake ni ya mwingine, unamlipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi akiuza, anauza alicho nacho: ardhi yenye nyumba yako juu yake. Mnunuzi anakuja siku ya kodi, haji na tingatinga. Au chukua mnazi. Mwenye mnazi amempa mgema ruhusa ya kugema tembo, na makuti amemwuzia mwingine. Mnazi ukiuzwa, mgema na mtu wa makuti wana maneno yao na mwenye zamani, na mnunuzi mwenye akili huuliza kabla ya kutoa pesa. (Watu wa Ganda watanikumbusha kwamba mnazi unaogemwa hauzai nazi. Ndiyo. Na Hulk akiwa kazini Universal Orlando, Disney hawawezi kumtia kwenye bustani yao ya huko.)

Sasa barua yako. Imeandikwa kwa herufi nzito, ina muhuri, na neno "imekoma" limepigiwa mstari. Nimeisoma mara mbili nikitafuta kifungu cha mkataba walichokitegemea. Hakuna hata kimoja.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 33, inasema wazi: leseni iliyotolewa kwa mkataba haiwezi kufutwa na aliyeitoa, wala na aliyerithi haki zake, isipokuwa kama mkataba wenyewe unavyoruhusu, au kwa mkataba mwingine. Soma polepole, mama. "Aliyerithi haki zake" ndio hao washindani wako wa Mombasa. Hata kama hawakununua kampuni bali wamenunua michoro na haki peke yake, wamezipokea pamoja na leseni yako ikiwa imeshikamana nazo. Na kama walinunua hisa, jambo ni jepesi zaidi: kampuni uliyoandikiana nayo iko vile vile, ina cheti kile kile cha usajili, wamebadilika wenye hisa tu. Haiwezi kusema haikujui.

Lakini yatazame maneno ya mwisho: "au kwa mkataba mwingine". Hapo ndipo watu wanapozama. Barua haiui leseni. Saini yako ndiyo inayoiua. Ukitia saini hiyo "leseni mpya" waliyoiambatisha, umeandika mkataba mwingine, na ule wa 2019 umeuzika kwa mkono wako. Nimeisoma rasimu yao. Ni ya mwaka mmoja, imeondoa treni, imeondoa fulana, na ada ni kubwa kuliko ya zamani. Aya ya pili, katikati, imejificha sentensi kwamba makubaliano yote ya awali yamefutwa. Hiyo ndiyo sentensi waliyokuwa wakiitaka, na siku 60 ni za kukutia kiwewe usiisome.

Na huyo bwana wa kuhamisha leseni? Hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Leseni yako haijaondoka ilipo, inahamishwa kutoka wapi kwenda wapi? Miaka michache nyuma alinijia mtu wa Lamu, ana sehemu ya michezo ya watoto, mkononi ana "hati ya uhamisho" aliyoilipia shilingi 80,000. Karatasi nzuri, nene, yenye nembo na mihuri mitatu. Wenye haki hawakuwa na habari nayo, na mhuri mmoja ulikuwa wa ofisi isiyohusika hata kidogo na hakimiliki. Aliyemwuzia simu yake haikupatikana tena. Kinachoniudhi si pesa peke yake. Yule mtu alikuwa na mkataba halali kabatini muda wote, na kwa kuamini kwamba umekufa alikuwa ameacha kulipa mrabaha kwa miezi minane. Kwa hiyo tulipokwenda kuzungumza, wenye haki walikuwa na hoja ya kweli dhidi yake: amevunja masharti. Dalali alimtengenezea ugonjwa aliodai kuutibu.

Wewe usifanye hivyo. Endelea kulipa kwa tarehe zile zile, kwenye akaunti iliyotajwa mkatabani, na ukiambiwa akaunti imebadilika, taka barua ya kampuni yenyewe uliyoandikiana nayo, si ujumbe wa simu. Risiti ziweke.

Kuna jambo moja linaloweza kunifanya nimeze maneno yangu. Mikataba mingine ina kifungu cha mabadiliko ya umiliki: kampuni ikinunuliwa, upande mmoja unaweza kujitoa kwa notisi. Katika kurasa ulizonitumia sijakiona, lakini kurasa hazijakamilika, nitalirudia hilo. Angalia pia kama majina ya wahusika yamesajiliwa kuwa alama za biashara. Hiyo ni sheria nyingine, na fulana zako zinagusa jina pamoja na picha.

Haya, leseni iko hai. Je, ununuzi huu haukuumizi? Unakuumiza, ila si pale unapopaogopa. Unakuumiza mwaka 2029.

Mwenye haki ambaye ni mshindani wako hana sababu ya kukuongezea muda, wala kukupa mhusika mpya atakayependwa na watoto mwaka kesho. Utabaki na watatu wako kama walivyokuwa. Nenda tena kwa Universal: wahusika wao wa Marvel wanafanana na wa vitabu vya katuni vya zamani, si nyuso za filamu ambazo dunia nzima imeziona baada ya Disney kununua. Uko ndani ya haki yako, lakini muda unakupita. Na mkataba ukifika mwisho wake wa haki, hakuna wakili wa kukurudishia. Mwaka 2006 kampuni ya Cedar Fair ilinunua bustani zilizobeba jina la Paramount, kampuni ya filamu, huko Marekani na Kanada. Ilinunua bustani, haikununua filamu. Jina la Paramount likashushwa kwenye malango, na kufikia 2010 sehemu za watoto zilizokuwa za katuni za Nickelodeon zilikuwa zimegeuzwa za Snoopy, yule mbwa wa katuni, na wenzake. Wageni waliendelea kuja, kwa sababu wenye uwanja walikuwa na mwingine wa kumweka mlangoni.

Wewe utamweka nani? Una muda wa kumwita mchoraji wa hapa hapa, akuchoree mhusika wako mwenyewe, na mwandikiane kwamba haki ni zako. Kwa maandishi yenye saini, maana kifungu kile kile cha 33 hakitambui uhamisho wa hakimiliki kwa mdomo. Kifungu cha 31 huhesabu kazi uliyoiagiza kuwa yako, ila makubaliano yenu yanaweza kuliondoa hilo, kwa hiyo usiliache kwa mdomo. Hili nalo watu hulibishia mpaka mishipa ya shingo inawatoka.

Usitegemee kwamba serikali itakutetea kwa sababu wakubwa wameungana. Disney walipoichukua sehemu kubwa ya 21st Century Fox, kampuni ya filamu na televisheni, mwaka 2019, kwa dola zaidi ya bilioni 71, wizara ya sheria ya Marekani iliwataka wauze vituo 22 vya televisheni za michezo. Mchezo wa katuni ya The Simpsons uliokuwa Universal tangu 2008, ambao wahusika wake waliangukia mikononi mwa Disney siku ile, haukuwa shida ya wizara. Uliachiwa mkataba wake. Hapa kwetu Mamlaka ya Ushindani hutazama soko lote. Haitakuja kukusomea ukurasa wa nne wa karatasi yako.

Na ninyi wengine mnaosoma hili mkishusha pumzi kwamba halikuhusuni, nimepita barabara ya Lamu juzi nikahesabu. Spider-Man wawili kwenye tuktuk, Mickey mmoja kwenye ukuta wa chekechea, mwanamfalme wa barafu kwenye saluni, na kasri la upepo lenye sura ambayo hata aliyeichora hawezi kuiapia. Mama Bembea ana tatizo kwa sababu ana leseni ya kugombaniwa. Ninyi hamna. Msiniambie eti Mickey ni wa bure tangu 2024: kilichoachiliwa Marekani ni yule wa filamu fupi ya 1928, mweusi na mweupe, asiye na glavu, si huyu wa suruali nyekundu mliyempaka, na alama za biashara za wenyewe zingalipo. Wala msiniletee mkataba mlioupakua kwenye intaneti mkabadilisha majina. Wiki iliyopita nimeletewa mmoja unaosema mashauri yatasikizwa katika mahakama za jimbo la Texas. Wenye mkataba wote wawili wanaishi Mambrui.

Mama, barua ya kuwajibu washindani wako ni fupi: leseni ya 2019 ingali na nguvu, unaendelea kulipa, wataje kifungu wanachokitegemea. Nitaiandika mimi. Fulana za Idd uza. Na kijana wako mwambie asiiguse treni kwa brashi mpaka uniletee mkataba wenyewe mkononi, pamoja na viambatisho vya nyuma, kwani katika picha ulizonitumia zimo kurasa 1 hadi 6 na chini ya ya sita pameandikwa "6 kati ya 9".