Pesa ya Wafiwa na Sauti ya Chama: Kwa Wanaoanza Kazi katika Vyama vya Bima vya Wahungari wa Marekani

Ndugu uliyechaguliwa kuingia bodi ya chama cha aina hii, au uliyeajiriwa ofisini kushika vitabu vyake, anza na swali moja kabla hujafungua faili lolote: hii pesa ni ya nani? Ipo iliyokwisha kuahidiwa wafiwa, na ipo inayobaki ahadi hiyo ikishatengwa. Ya kwanza haiguswi kwa sherehe, kwa sanamu wala kwa safari ya Washington. Ya pili ndiyo inayokipa chama sauti, yaani uwezo wa kuwatetea watu wake mbele ya serikali. Makosa makubwa ya wageni karibu yote huanzia pale mifuko hii miwili inapochanganywa.

Kihungari humwita ndugu testvér: test ni mwili, vér ni damu. Neno hilo lilikuwa na kazi ya kufanya mwaka 1886, wachimbaji 13 wa makaa ya mawe walipoanzisha Chama cha Msaada cha Verhovay mjini Hazleton, Pennsylvania. Mgodi ukimwangukia mtu siku zile, mjane alitegemea huruma ya majirani tu. Wahungari wengine wakafuata: Rákóczi kule Bridgeport, Connecticut, na mwaka 1896 shirikisho la waumini wa Kanisa la Reformed mjini Trenton, New Jersey, lililopewa hati maalumu na Bunge la Marekani mwaka 1907. Verhovay na Rákóczi viliungana mwaka 1955 na kuzaa chama kinachojulikana leo kama William Penn Association, chenye makao Pennsylvania.

Njia ya kwanza ya vyama vingi vya kidugu, yaani vya bima vilivyo mali ya wanachama wenyewe, nchini humo ilikuwa kuchangishana msiba unapotokea. Mfano maarufu ni wa mji wa Meadville, katika jimbo hilohilo la Pennsylvania, ambako chama cha mafundi kilichoanza mwaka 1868 kilimtoza kila mwanachama dola moja mwenzao akifa. Aliyekulia kwenye vyama vya kufa na kuzikana, au aliye kwenye kundi la WhatsApp la kusafirisha maiti kutoka Marekani hadi nyumbani, anaujua mfumo huu vizuri. Ajue pia unakovunjikia.

Tuseme wanachama ni 1,000 na fao ni dola 1,000. Wakifa 8 kwa mwaka, kila mtu anatoa dola 8. Miaka ishirini baadaye wanachama wamezeeka, vifo ni 24, na waliobaki ni 800: kila mtu dola 30. Kijana wa miaka 25, ambaye hatari yake ya kufa mwaka huo haifiki hata thamani ya dola 3, anapiga hesabu na kuondoka. Wakitoka vijana 200, vifo havipungui hata kimoja, kwa sababu waliotoka si waliokuwa wanakufa. Sasa ni dola 40. Wanatoka wengine. Chama kinakufa na kila mtu akiwa mwaminifu.

Kwa Wahungari pigo lilikuja pia kutoka nje. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliiwekea Hungaria nafasi 473 tu kwa mwaka. Chama kilichozoea kujazwa na vijana wanaoshuka melini kikabaki na wazee na watoto wao waliozaliwa Marekani, wasiokisoma Kihungari. Ndiyo maana tunasema utetezi wa kiraia kwa chama hiki haukuwa pambo: sheria moja ya uhamiaji ilibadilisha umri wa wastani wa wanachama, na umri wa wastani ndio unaoamua ada.

Dawa ya kuchangishana ni ada isiyobadilika, inayokokotolewa kwa jedwali la vifo na riba. Mwanachama hulipa zaidi ya hatari yake akiwa kijana, na kile cha ziada hutunzwa kisaidie atakapozeeka. Kile kilichotunzwa ndicho akiba ya bima. Rasimu ya sheria iliyoitwa ya Mobile, kwa jina la mji wa Alabama, ya mwaka 1910, ilisukuma vyama vya kidugu vipimwe akiba zao kama bima inavyopaswa kupimwa, na leo kamishna wa bima wa jimbo hudai taarifa ya mwaka yenye maoni ya mtakwimu bima, yaani mtaalamu wa kukokotoa hatari na akiba za bima. Akiba hiyo si faida. Iandike kichwani: ni deni.

Sasa ichukue mizania. Tuseme mali ni dola milioni 100, akiba na madeni mengine milioni 93, ziada milioni 7. Mgeni huona milioni 100 na kuuliza kwa nini chama kinashindwa kutoa 200,000 za kampeni. Aangalie milioni 7. Kama milioni 80 ya mali ni hati fungani, na asilimia 2 yake ikapotea kwa kampuni kufilisika, hiyo ni milioni 1.6, karibu robo ya ziada yote. Wafiwa wanalipwa vilevile. Kinachoungua ni sauti.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mwaka wa mauzo mazuri huweza kuishusha ziada. Cheti kipya cha bima hugharimu kamisheni, uchunguzi wa afya na kazi ya ofisi mara moja, huku ada ikiingia kidogokidogo. Anuiti, yaani mkataba wa kuweka fedha zije zilipwe uzeeni, ni hivyohivyo: mtu akileta dola 10,000 na wakala akachukua asilimia 4, umeandika deni la karibu 10,000 na umepokea 9,600. Usishangilie mauzo kabla ya kumuuliza mtakwimu bima ziada inabeba mauzo ya kiasi gani.

Hapo kwenye anuiti ndipo pa kukaa sana, kwa kuwa katika vyama vidogo vingi ndiyo iliyokuza mali. Tafuta mikataba ya zamani yenye riba ya chini iliyohakikishwa, hasa ile inayomruhusu mwenyewe kuongeza fedha wakati wowote. Mkataba ulioahidi asilimia 4 ulikuwa wa kawaida wakati hati fungani zikilipa 7. Baada ya 2008 riba ziliposhuka, mwenye mkataba huo alihamisha akiba yake benki na kuileta chamani, na hakuna aliyeweza kumkatalia. Kila dola aliyoileta ilikuwa hasara. Mwaka 2022 mambo yakageuka: riba zikapanda haraka, na waliokuwa na anuiti za riba ndogo wakawa na sababu ya kutoa fedha. Chama chenye hati fungani ndefu hakipati hasara vitabuni mradi kinazishika hadi ziive, lakini kikilazimika kuziuza kulipa wanaotoka, hasara inakuwa halisi siku hiyohiyo. Kwa hiyo omba karatasi mbili na uziweke sambamba: hati fungani zinazoiva kila mwaka kwa miaka kumi ijayo, na anuiti ambazo adhabu ya kutoa mapema inaisha kila mwaka. Mwaka ambao safu ya pili inaizidi ya kwanza kwa mbali, uwekee alama nyekundu.

Soma pia kifungu ambacho wanachama wengi hawajawahi kukisoma. Katika vyama vya kidugu, akiba ikipungukiwa, bodi inaweza kumtaka kila mwenye cheti atoe sehemu yake ya pengo. Asipotoa, inageuka deni juu ya cheti chake, au anakubali fao lipunguzwe. Na katika majimbo mengi mfuko wa dhamana unaookoa wateja wa kampuni za bima zilizoanguka hauwahusu wanachama wa vyama hivi. Mwanachama ndiye mdhamini wa mwisho. Mgeni wa bodi akilielewa hili, hupiga kura kwa uangalifu mwingine kabisa.

Tuje kwenye sauti. Chama hiki hakitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu kwa masharti: kiwe na matawi na mafao kwa wanachama. Sheria za bima za majimbo nazo hudai uongozi wa uwakilishi. Mkutano mkuu wa wajumbe hukaa angalau kila baada ya miaka minne, na wajumbe waliochaguliwa lazima wawe na angalau theluthi mbili za kura. Msamaha huo wa kodi huendana na kazi za kidugu kama misaada, ufadhili wa masomo na utamaduni. Bajeti ya kazi hizo, utetezi ukiwemo, sisi tunashauri ipangwe kwa wastani wa faida ya uendeshaji wa miaka mitatu iliyopita, na kamwe isipangwe kwa faida inayotarajiwa.

Ukiwa na mfuko wa ufadhili wa masomo uliosajiliwa kando kama shirika la hisani, usiuchanganye na chama. Mfuko wa hisani hauruhusiwi kabisa kumuunga mkono au kumpinga mgombea, na ushawishi wake bungeni una kikomo. Ukichagua kupimwa kwa matumizi, kikomo huanzia asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya hisani. Chama chenyewe kina nafasi pana zaidi kuzungumzia sheria. Hata hivyo hakiwezi kumchangia mgombea wa nafasi ya kitaifa kutoka hazina yake, kwa kuwa ni shirika lililosajiliwa. Kosa la kawaida hutokea tawini: mwenyekiti anampenda mgombea, anachapa barua ya kumuunga mkono juu ya karatasi yenye nembo ya chama. Toa maelekezo ya maandishi kila mwaka wa uchaguzi kwamba nembo hutumika kwa azimio la bodi tu.

Kuna mtego mwingine ambao vyama vya wahamiaji huuingia kwa moyo safi. Sheria ya 1938 ya kusajili mawakala wa mataifa ya nje humhusu anayefanya kazi ya siasa Marekani kwa agizo au ombi la serikali, chama cha siasa au taasisi ya nje. Ruzuku kutoka Budapest ya shule ya lugha au kikundi cha ngoma ni jambo moja. Ofisa wa wizara akisema "waandikieni maseneta wenu kuhusu muswada huu," nanyi mkaandika, ni jambo jingine. Tenga akaunti ya benki kwa ruzuku za nje, na hakikisha kumbukumbu za kikao zinaonyesha wazi hoja ilitoka kwa mwanachama yupi na tawi gani. Pakiwa na shaka, wakili aulizwe kabla ya barua kutumwa.

Kuhusu namna ya kutetea, historia ya Wahungari hawa ina somo zuri kuliko nadharia yoyote. Rumania ilipata nafuu ya biashara ya Marekani mwaka 1975, chini ya sheria ya biashara ya 1974 iliyoitaka nafuu hiyo ihuishwe kila mwaka. Sheria yenyewe ilizungumzia uhuru wa watu kuhama. Watetezi wa Wahungari wa Transylvania, eneo la Rumania lenye Wahungari wengi, waliona mlango: kila mwaka kuna tarehe, kuna kamati, kuna kiti cha shahidi. Wakawa wanapeleka majalada ya shule zilizofungwa na watu waliokamatwa, mwaka baada ya mwaka, hadi serikali ya Ceaușescu, mtawala wa Rumania, ilipojitoa yenyewe kwenye nafuu hiyo mwaka 1988. Usianze na kilio cha jumla. Tafuta kwanza tarehe iliyomo ndani ya sheria.

Wakimbizi wa 1956, waliotoka Hungaria baada ya Wasovieti kuzima mapinduzi, nao waliingia Marekani, zaidi ya 30,000, wengi kwa kibali cha muda kisicho na ahadi ya kubaki. Sheria ya Julai 25, 1958 iliwafungulia ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili nchini. Kwa mshika vitabu, hizo zilikuwa familia changa zilizopata sababu ya kununua bima ya miaka thelathini.

Utetezi pia hugawa. Marekani iliporudisha Taji Takatifu, taji la wafalme wa kale wa Hungaria, nchini Hungaria Januari 1978, baada ya kulihifadhi kwa miaka zaidi ya thelathini, Wahungari wa Marekani walipasuka: wengine waliona ni kuwapa heshima wakomunisti waliotawala Hungaria, wengine waliona taji ni la taifa. Katika chama cha bima mpasuko kama huo una bei, maana mwanachama aliyeudhika anaweza kuhamisha anuiti yake bila kusema neno. Jambo zito lipitie mkutano mkuu, na hesabu ya kura zote mbili, za ndiyo na za hapana, ichapwe kwenye jarida la chama.

Barua kwa mbunge iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: chama ni nani na kina wanachama wangapi ndani ya jimbo lake la uchaguzi, idadi uliyoitoa kwenye daftari kwa kutumia namba za posta, mbunge wa Cleveland au Toledo husoma namba hiyo kwanza. Toa idadi peke yake, majina na vyeti vya wanachama visitoke ofisini. Aya ya pili: namba ya muswada na ombi moja tu. Aya ya tatu: jambo moja la hapohapo mtaani kwake. Ipeleke ofisi yake ya jimboni kwa mkono au kwa barua pepe, kwa sababu tangu mashambulizi ya kimeta ya 2001 barua za karatasi zinazokwenda Washington hukaguliwa kwanza kwingine na huchelewa. Ukirudi, andika siku hiyohiyo saa ulizotumia, nauli, na nani mliyeonana naye, chini ya fungu lake la matumizi. Mfanyakazi anayefikisha asilimia 20 ya muda wake kwenye ushawishi katika miezi mitatu anaweza kuhitaji kusajiliwa kama mshawishi, na saa hizo hakuna mkaguzi atakayeweza kukukumbushia Desemba.