Mtoto Akae na Mgonjwa, Asipeleke Mfuko Tu

Watoto wengi wa kanisani wanajua kutoa sadaka. Hupewa sarafu Jumapili asubuhi, wakaitumbukiza kikapuni, basi. Kutoa muda ni kugumu zaidi, kwa sababu sarafu ni ya baba, lakini muda unatoka kwenye mchezo wa mtoto mwenyewe.

Anzeni na Injili, ila isomeni taratibu. Katika mfano wa Msamaria mwema (Luka 10:30-35) watoto hukumbuka mafuta, divai na zile dinari mbili alizopewa mwenye nyumba ya wageni. Waulizeni dinari zilitolewa lini. Andiko linasema ni siku ya pili, yaani yule Msamaria alilala pale akimuuguza majeruhi, safari yake ikasubiri. Kisha someni Marko 5:21-43. Yesu yuko njiani kwenda kwa binti Yairo, mtoto wa miaka 12 aliye mahututi. Hata hivyo anasimama kwa ajili ya mwanamke aliyeugua miaka hiyohiyo 12, akamsikiliza mpaka akaeleza yote. Mtoto akielewa kwamba Bwana alisimama akiwa na haraka, atakumbuka siku atakaposema hana nafasi.

Halafu chagueni mtu mmoja wa kumtembelea. Bibi wa jumuiya yenu asiyeweza tena kufika kanisani anafaa kuliko wote, maana mnamfikia kwa miguu. Ulizeni kwanza saa inayomfaa. Mgonjwa naye ana saa ya dawa na ya kuoga. Mara moja kila wiki mbili, siku ileile, inatosha. Wanaoanza kwa kwenda kila siku huchoka kabla mwezi haujaisha, na bibi hubaki akisikiliza mlango.

Mtoto wa miaka 5 au 6 akae dakika 15. Wa miaka 8 hadi 10, nusu saa. Zaidi ya hapo ataanza kujinyonganyonga kwenye kiti, na mgonjwa atachoka. Mpeni kazi ya mikono, kwa sababu mtoto aliyekalishwa tu hajui aseme nini: achambue mchele pamoja na bibi, akunje nguo, ajaze maji dumu la lita 5. Akiingia aamkie, "Shikamoo bibi", asubiri "Marahaba", na baadaye aulize swali alilolitayarisha nyumbani: "Bibi, ulipokuwa mdogo mlikuwa mnacheza nini?" Ukiuliza "Unaendeleaje?" utajibiwa "Namshukuru Mungu", na mazungumzo yataishia hapo. Akishauliza, anyamaze. Bibi akirudia habari aliyoisimulia safari iliyopita, asimkatize. Huko kusikiliza ndiko kutoa muda kwenyewe, na kunahitaji mazoezi mengi kuliko kubeba maji. Mwisho asome Zaburi 23, ina aya 6 tu. Sala ndefu mwachieni katekista.

Yanayoharibu zoezi hili mara nyingi yanatoka kwa sisi wazazi. La kwanza ni simu: mama akiichungulia katikati ya ziara, mtoto atafuata alichokiona, hata ahubiriwe vipi nyumbani. Jingine ni kuifanya ziara adhabu ya utundu. Hapo atamchukia bibi bure. Picha za mgonjwa zisirushwe kwenye kundi la WhatsApp, maana Mathayo 6:3 (mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia) inawahusu hata watoto. Na mtoto asiachwe peke yake chumbani na mtu mzima, hata awe anaheshimika kiasi gani. Mzazi awepo.

Muda huo utoke kwenye katuni au mpira, kamwe si kwenye masomo wala usingizi, na mtoto aambiwe wazi unatoka wapi. Ikitokea mechi imegongana na ziara, msimtungie bibi uongo. Mtoto apige simu mwenyewe, aombe radhi, ataje siku nyingine, na siku hiyo aende hata mvua ikinyesha. Akiwa na mafua au kikohozi abaki nyumbani, kwa kuwa ugonjwa mdogo kwa mtoto huweza kumlaza mzee. Siku hiyo Zaburi aisome kwa simu.