Unakwenda Kwenye Theluji? Jiandae Kabla Haijaanza Kudondoka

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Kimara. Amepata ufadhili wa shahada ya uzamili, anaondoka mwezi wa nane, na mji anaokwenda ni Buffalo, jimbo la New York, Marekani. "Shikamoo dada, nasikia ulikaa huko. Watu wananiambia theluji ya huko inaua. Ni kweli au wananitisha tu?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Ni kweli inaua. Na ni kweli pia kwamba watu wanaishi nayo, watoto wanakwenda shule, mabasi yanatembea, harusi zinafungwa mwezi wa kwanza. Mimi nimezaliwa Temeke na kukulia Temeke. Baridi kali niliyoijua ni ile ya mwezi wa saba, ambayo ukiwahi daladala alfajiri unavaa sweta, ikifika saa tatu umeshalivua. Lakini nilikaa Buffalo misimu kadhaa ya baridi, nikifanya kazi ya kutunza wazee na kurudi nyumbani usiku kwa basi. Nalisema kwa fahari, kwa sababu siku naondoka kuna watu wa karibu kabisa waliosema mbele ya mama yangu kwamba sitaimaliza Krismasi ya kwanza. Niliimaliza, na zilizofuata nikazimaliza. Nakujibu hapa hadharani maana najua wako wengi wenye barua ya chuo mkononi na hofu hiyo hiyo moyoni.

Kwanza ujue theluji ya Buffalo inatoka wapi. Mji uko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Majira ya baridi yanapoanza, maji ya ziwa bado yana joto lililobaki kutoka kiangazi. Upepo mkavu wa baridi unapita juu yake kutoka magharibi, unazoa mvuke urefu wote wa ziwa, ukigusa nchi kavu unaumwaga kama theluji. Na unaumwaga kwenye ukanda mwembamba tu, kama masika yetu yanavyoweza kufurisha mitaro Mbagala huku Mwenge watu wanaanika nguo. Novemba 2022, vitongoji vya kusini kama Orchard Park vilipata theluji ya karibu mita 2 ndani ya siku chache, hata mechi ya timu yao ya mpira wa Kimarekani ikahamishiwa Detroit, wakati watu wa upande wa kaskazini walipata sehemu ndogo tu ya hiyo. Ziwa likishaganda, theluji ya namna hii hupungua, kwa kuwa upepo hauna tena mvuke wa kuzoa. Kwa hiyo usiridhike na utabiri wa mji mzima. Angalia wa mtaa wako, kila jioni kabla hujalala.

Mavazi. Ndani kabisa vaa nguo ya kubana ya sufu au ya kitambaa maalumu cha baridi, usivae pamba. Pamba ikinyonya jasho inabaki mbichi mwilini, na ubichi ule ndio unaokuingia hadi kwenye mifupa. Juu yake sweta, halafu koti lisilopitisha upepo wala maji. Makoti mazito yapo kwenye mitumba pale Karume, na kwa kuwa Dar hayana wateja wengi, bei inazungumzika. Kagua zipu, kagua kama kofia yake ipo, na mzula wa kufunika masikio nunua palepale. Ila buti nunua hukohuko. Buti ikikaa miaka mingi soli yake hukakamaa, na soli iliyokakamaa juu ya barafu haishiki kitu. Chukua iliyozidi mguu wako kidogo, soksi nene iingie na vidole vicheze, maana ikibana damu haifiki vizuri kwenye vidole. Glavu zenye joto zaidi ni zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja.

Miezi yangu ya kwanza naiacha, haina la kusimulia. Nikupe ile dhoruba ya Krismasi ya 2022, uelewe kwa nini neno langu kwako ni moja tu: fanya kila kitu kabla.

Nilikuwa naishi upande wa magharibi wa mji, kwenye mitaa yenye wakimbizi wengi, Waburma, Wasomali, Wakongo. Kiswahili utakikuta dukani na kanisani, usiwe na wasiwasi. Ghorofa ya chini yangu aliishi mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima, mwenye presha, aliyekuwa ameshaona baridi nyingi kuliko mimi. Jumatano ile alinigongea mlango. "Dada, Ijumaa inakuja mbaya. Leo tunakwenda kununua vitu, kesho watu watagombania." Tukanunua unga, maharage, mayai, mkate, betri za tochi, na dawa zake za kutosha hadi mwaka mpya. Jioni tulijaza maji kwenye ndoo na masufuria, tukachaji simu zote na pawabenki. Beleshi lilikuwa kibarazani, akaniambia nililete ndani. Nilimuuliza la nini ndani ya nyumba. Akasema, "Utaliona kazi yake ukiwa huwezi kulifikia."

Ijumaa tarehe 23 asubuhi mvua ilikuwa inanyesha ya kawaida tu. Halafu joto likaporomoka ghafla, upepo ukabadilika, na kufikia mchana nilikuwa sioni nyumba ya ng'ambo ya barabara. Upepo ulizidi kilomita 100 kwa saa. Nyumba za kule ni za mbao, usiku kucha unasikia kuta zinalia. Umeme ukakatika. Hapo ndipo ujifunze jambo ambalo wageni wengi hawalijui: hita yetu ilikuwa ya gesi, lakini feni inayosukuma hewa ya moto vyumbani inatumia umeme, kwa hiyo umeme ukikatika na joto nalo limekatika.

Tulihamia wote chumba kimoja, mimi, yule mama na wajukuu zake. Tukatundika mablanketi mlangoni na dirishani, tukaziba chini ya mlango kwa taulo. Jiko la gesi liliwaka kwa kiberiti, tukapika ugali, tukala, tukazima. Nasema tena, tukazima. Moto wa gesi au wa mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata hapa kwetu watu wamekufa kwa kulala na jiko la mkaa chumbani, na kule inatokea kwa njia hiyo hiyo. Bomba la jikoni tuliliacha lidondoshe maji taratibu usiku kucha, maana maji yaliyotulia ndani ya bomba yanaganda, yanatanuka, na bomba linapasuka.

Asubuhi ya Jumamosi nilivuta mlango wa nyuma. Mbele yangu ulisimama ukuta mweupe hadi usawa wa kifua, na juu ya ukuta ule ulikuwa umechorwa mlango wenyewe, mistari yake ya mbao, hadi alama ya kitasa. Bila lile beleshi la ndani tusingetoka upande ule.

Sasa niseme ambalo bado linanikaa rohoni. Ijumaa ile, serikali ya eneo ikiwa imeshapiga marufuku magari barabarani, msimamizi wangu wa kazi alinipigia simu. Aliniambia nisipofika zamu ya jioni nitakuwa nimejifukuzisha mwenyewe. Hakuuliza kama nina chakula wala kama umeme upo. Nilimjibu kwa heshima kwamba sitoki, na kwamba wazee wangu nawapenda lakini nikifia njiani sitamsaidia hata mmoja wao. Alikata simu. Dhoruba ilipoisha, kwenye uwanja wa ndege theluji ilipimwa zaidi ya sentimita 130, na katika kaunti ya Erie, yaani Buffalo na vitongoji vyake, watu zaidi ya 40 walikuwa wamekufa. Wengine walikutwa ndani ya magari yaliyokwama, wengine nje, wengine kwenye nyumba zilizopoa, na wengine mioyo ilisimama wakizoa theluji. Nilipoona habari zile nililia, na sikujuta hata kidogo. Kazi ile niliiacha mwenyewe na nikapata nyingine yenye malipo bora.

Kwa hiyo mdogo wangu nisikilize. Sisi tunaotoka huku tunaogopa sana kupoteza kazi, tunabeba familia nzima mgongoni, tunaona kukataa ni utovu wa shukrani. Barabara ikifungwa, imefungwa. Hakuna zamu yenye thamani ya roho yako, na mwajiri anayekutaka utembee kwenye dhoruba atatafuta mtu mwingine wiki hiyo hiyo ukifa.

Na ninyi ndugu mliobaki Dar, leo mnisikilize pia. Usiku ule wa giza, simu yangu ikiwa na chaji kidogo niliyoitunza kwa ajili ya dharura, iliingia meseji ya binamu yangu: "Dada mwaka huu umetusahau kabisa, Krismasi hata soda?" Niliisoma nimejifunika mablanketi, watoto wa watu wamelala wamebanana ubavuni kwangu. Sikumjibu, na mpaka leo hajawahi kuniuliza usiku ule ulikuwaje. Mtu wenu akiwa nchi ya baridi, mwezi wa kumi na mbili mpigieni simu mmuulize kama ana joto ndani. Pesa ataituma akiwa hai. Tumezoea kuhesabu wanachotuma na hatuhesabu wanachopitia, na tabia hii tuiache.

Nirudi kwenye yako. Kuzoa theluji ni kazi ya kila nyumba. Kule njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba, na mara nyingi mkataba unamsukumia mpangaji. Usisubiri iache kudondoka. Toka mapema, uzoe kidogo kidogo, maana ikishashindiliwa inageuka barafu. Isukume kwa beleshi, usiinyanyue, na pale unapolazimika kunyanyua chukua nusu beleshi. Theluji mbichi ni nzito sana, na baridi inabana mishipa ya damu huku moyo ukienda mbio. Pumzika kabla hujachoka. Chumvi imwage kabla, ikizuia barafu kushika inafanya kazi vizuri kuliko kuiyeyusha ikishashika, ingawa baridi ikishuka sana, chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri hivi, chumvi ya kawaida haifui dafu. Wengi hapo humwaga mchanga ili miguu ishike.

Ukitembea, piga hatua fupi, kanyaga kwa unyayo mzima, mikono iwe nje ya mifuko ili ukiteleza ujizuie. Vidole vikiuma, vizuri, bado vina uhai. Vikipata ganzi na ngozi ikapauka, ingia ndani uvitie kwenye maji ya vuguvugu. Usivisugue wala usivisogeze kwenye moto, kwa kuwa havisikii na utaviunguza bila kujua.

Ukifika hatua ya kumiliki gari, tangi lisishuke chini ya nusu, na ndani weka blanketi, beleshi dogo, mfuko wa mchanga na biskuti. Kabla ya kuwasha injini, fukua theluji iliyoziba ekzosi, la sivyo moshi unarudi ndani. Ukikwama kwenye dhoruba baki ndani ya gari, washa injini dakika chache kila saa, dirisha likiwa wazi kidogo.

Kuna na giza, ambalo hakuna aliyeniambia. Dar jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, mwili umezoea. Kule mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na siku nyingi hulioni kabisa kwa mawingu. Unaamka mzito, hutaki kuongea na mtu, unadhani umelogwa au umepungukiwa imani. Toka nje mchana hata kama ni baridi, na muulize daktari kuhusu vitamini D, kwa sababu ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Mafuta ya mgando paka asubuhi na usiku, hewa ya hita inakausha ngozi mpaka inapasuka. Na tafuta watu kabla hujawahitaji, gonga mlango wa jirani mwezi wa tisa ukiwa na chapati mkononi.

Umeniuliza pia kuhusu nyumba ya kupanga. Kabla hujasaini, muulize mwenye nyumba mambo haya na umwombe ayaandike kwenye mkataba: nani anazoa theluji, gharama ya joto iko ndani ya kodi au unalipa pembeni, na hita ilikaguliwa lini. Angalia kama kuna kengele ya kugundua ile hewa ya sumu na ubonyeze usikie kama inalia. Halafu tembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi kituo cha basi, uone njia ile ina mteremko kiasi gani. Ukikuta mteremko mkali, tafuta nyumba nyingine.