Jina Umelitoa, Ila Mtu Bado Yumo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa nyie mnaoshinda kwenye kampuni za teknolojia mchana halafu usiku mnaandika blogu. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu manake imenigusa sana.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mi ni programa, timu yetu tuko sita. Nina blogu yangu naandika mambo ya kazini, wasomaji wengi ni vijana wanaotaka kuingia kwenye hii fani. Juzi kati mwenzetu alirusha toleo jipya la programu yetu usiku bila kulijaribu, mfumo ukagoma kwa masaa tisa mazima, tukakesha wote. Nikaandika stori yote na nikaweka skrinishoti za grupu letu la kazi, majina nimefuta, hata kampuni sijaitaja. Posti imesambaa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Sasa jamaa haniongeleshi na meneja kaniita kesho asubuhi. Hivi nimekosea wapi wakati sijamtaja mtu?
Programa wa Zamu ya Usiku

JIBU: Mdogo wangu, umekosea, na afadhali uyasikie kwangu leo kabla hujakaa mbele ya meneja kesho. Timu ni ya watu sita. Ukitoa jina la mmoja wanabaki watano wanaomjua, na kampuni nzima inayojua usiku ule nani alikuwa kwenye kompyuta, na mke wake anayejua kwa nini mumewe alirudi asubuhi hajalala. Skrinishoti ndo mbaya zaidi, manake saa inaonekana, namna mtu anavyoandika inaonekana, hata vile anavyopenda kukata maneno. Yule aliandika mle akijua anaongea na watu sita, we ukamsomesha kwa maelfu.

Nami niliwahi kufanya karibu hivyohivyo, miaka yangu ya mwanzo. Niliandika kuhusu mwenzangu aliyelala mezani wakati seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, imezidiwa, nikaona ni stori nzuri ya jinsi tunavyochoka kwenye hii kazi, kumbe yeye alikuwa anauguza mzazi wake na hakuwa amemwambia mtu. Alisoma. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "kwani usingeniuliza?" Sikuwa na jibu, mpaka leo sina.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi matatizo ya kazini yasiandikwe. Yaandikwe sana, wanaoanza wanajifunza zaidi kwenye mfumo ulioanguka kuliko kwenye mfumo uliosimama. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia maprograma kazi zao, alifuta data kwenye databesi kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine, na walipokimbilia bakapu, yaani nakala za akiba, wakakuta njia walizokuwa wanazitegemea hazifanyi kazi, kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua kama masaa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni yenyewe ikaweka kila kitu wazi, hadi wakarusha video mubashara wakati wanarejesha. Halafu kwenye taarifa yao ya mwisho hawakumtaja kwa jina, walichouliza ni ilikuwaje data ikafutwa, na kwa nini hakuna aliyekuwa anazijaribu zile bakapu. Rudia kusoma posti yako uone, je, kuna sehemu umeuliza kwa nini toleo ambalo halijajaribiwa linaweza kwenda hewani usiku na hakuna kitu kinachomzuia mtu? Nina wasiwasi hakuna, na hiyo ndo ingemsaidia kijana anayekusoma.

Kuhusu kesho, nenda na ukweli wako wote. Usijitetee na lile la majina. Soma mkataba wako usiku wa leo, mikataba mingi ya fani yetu ina kipengele cha kutunza siri na mazungumzo ya grupu la kazi mara nyingi yanaingia humo. Watu wamepoteza kazi kwa haya tangu zamani, bloga Heather Armstrong wa Marekani alifukuzwa mwaka 2002 kwa alichoandika kuhusu kazini kwake kwenye blogu yake ya Dooce, mpaka jina la blogu likageuka kitenzi cha mtu anayefukuzwa kazi kwa sababu ya blogu, na yeye mwenyewe baadaye akawa anawaonya watu wasiandike kuhusu kazi kama bosi hajui na hajakubali.

Lakini kabla ya meneja kuna mwenzako. Skrinishoti zitoe sasa hivi, usisubiri ruhusa ya mtu. Hiyo stori iliyobaki mwachie yeye aamue, mwambie "posti ni hii, ukitaka niitoe yote naitoa, ukitaka kuongeza upande wako nauweka", na akisema itoke, itoe hata kama ndo posti yako iliyosomwa kuliko zote.

Najua kuna atakayeniuliza, mbona basi tunamsifu Susan Fowler, aliyekuwa mhandisi wa Uber? Yeye Februari 2017 aliandika kuhusu unyanyasaji wa kijinsia aliokutana nao Uber, na kabla ya Juni kuisha mkurugenzi mkuu alikuwa ameshajiuzulu. Tofauti ni kubwa. Yeye alianza kwa kuripoti ndani, mara kadhaa, na ushahidi mkononi, hawakumsikiliza, na alichokiandika kilikuwa kuhusu wenye nguvu waliokuwa wanawaumiza watu. Mwenzako wa zamu aliyefanya kosa akiwa na usingizi hana nguvu yoyote juu yako.

SWALI: Nafanya rivyu za simu. Kampuni moja imenitumia simu mpya, wamesema nibaki nayo na hawana masharti yoyote, niandike ninachotaka. Kuna haja ya kuwaambia wasomaji?
Mpenda Simu

JIBU: Ipo, tena mwanzoni kabisa kabla msomaji hajafika kwenye kamera na betri. Usiiweke chini kwenye mstari wa mwisho wala usiifiche kwenye rundo la hashitegi. Nchini Marekani Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliwaingiza mabloga kwenye miongozo yake mwaka 2009, kwamba ukipewa kitu cha bure na kampuni unayoisifia, anayekusoma ajue. Ila hata unakoishi kama hakuna sheria ya namna hiyo, msomaji wako anatoa hela yake mwenyewe kununua simu ambayo we hukuinunua. Desemba 2006 Microsoft na AMD, watengenezaji wa chipu za kompyuta, waliwatumia mabloga laptopu za Acer Ferrari zenye Windows Vista, toleo jipya la Windows wakati ule, zikazua kelele kubwa, wako waliosema wazi wamepewa na wako walionyamaza, na kelele zilivyozidi Microsoft wakawaandikia waliopewa wazirudishe au wazigawe wakishamaliza kuzijaribu.

Hilo la "hatuna masharti" nalielewa, ila sharti lipo hata kama hawajalisema, nalo ni simu ijayo. Ukiandika betri mbovu unajua huenda hutatumiwa nyingine. Mi ningekushauri uwaambie unaikopa kwa wiki kadhaa kisha unairudisha, na uandike hivyohivyo. Na zile linki za kamisheni pia ziseme, mtu akibofya na kununua we unapata chochote.

SWALI: Mwaka jana niliandika maelezo ya kusafisha diski ya nje kwa kutumia amri ya kuandika kwenye kompyuta. Nimegundua kwenye amri kuna nafasi moja imezidi katikati ya jina la folda, kompyuta inalisoma kama majina mawili na kufuta isichotakiwa, na juzi msomaji kaniandikia amepoteza picha zake za familia. Nirekebishe kimyakimya au nifanyeje?
Najuta

JIBU: Kimyakimya hapana. Wako wengine walionakili ile amri wakaihifadhi, nao wanahitaji kujua. Rekebisha amri, na juu kabisa ya posti andika ilikuwaje, imebadilika nini, tarehe gani.

Ila hiyo isubiri kidogo, kwanza mjibu huyo msomaji. Mwombe radhi, mwambie aichomoe diski sasa hivi na asihifadhi kitu kingine humo. Kama ni diski ya kawaida ya kuzunguka, faili likifutwa data yake inabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo fundi wa kurejesha data anaweza kuzipata, zote au baadhi. Kwenye SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, matumaini ni madogo ila ajaribu. Na gharama ya fundi, kama unaweza, changia.