Ile 1.022 niliyoidharau

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, bia yangu ya kwanza iko siku ya sita, haidromita inasoma 1.020. Imeharibika? Nimwage?" Haidromita ni kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye bia kuonyesha sukari iliyobaki. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali kama hilo mimi sikumuuliza mtu, na likanigharimu suti.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa Leeds, mwezi wa kwanza, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa na kopo la kimea, mfuko wa hamira na ndoo ya lita 23. Karatasi ya maelekezo ilisema siku ya 14 weka kwenye chupa. Nilianza na 1.048, siku ya 14 nikakuta 1.022. Nikajiambia, mimi mjukuu wa mpika mbege, ile pombe ya ndizi, wa Kibosho, nitishwe na kijiti cha kioo? Nikajaza chupa 40, kila moja na kijiko cha sukari ya kuleta gesi, nikazipanga chini, ndani ya kabati la nguo.

Siku ya tisa, saa nane usiku, paa! Nikadhani ni mlango. Ikafuata ya pili, kisha tatu kwa mpigo. Nilipofungua kabati povu lilikuwa linachuruzika kwenye mguu wa suruali niliyoolea, na kipande cha chupa kimekita kwenye mbao. Shemeji alikuwa amelala sebuleni. Hadi leo akija kwangu anauliza kama "mabomu" yapo.

Kilichotokea ni hiki. Sukari ya kimea inayapa maji uzito, kwa hiyo kipimo kinaelea juu. Maji matupu ya nyuzi 20 yanasoma 1.000. Hamira ikila sukari inatoa kilevi na gesi, na kipimo kinazama kidogo kidogo. Bia kama yangu ilitakiwa kufika 1.010 hivi. Kwenye 1.022 hamira ilikuwa imelala kwa baridi tu, chakula bado kipo. Mimi nikaifungia kwenye chupa, nikaiweka jirani na hita. Ikaamka.

Bibi hakuwa na haidromita, ni kweli. Lakini mbege yake ilinyweka ingali inachachuka, kwenye kata, mdomo wazi. Hakuna aliyeigongea kifuniko cha chuma. Hilo sikulifikiria.

Basi ndugu yangu, namba moja peke yake haina habari. Pima siku ya kwanza, andika. Pima tena hamira ikitulia, halafu rudia baada ya siku mbili au tatu. Ikiwa namba haijasogea, na iko karibu na pale mapishi yalipotaja, funga. Toa ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131.25, utapata kilevi: 1.048 kutoa 1.010 ni karibu asilimia 5. Kipimo kizungushe kwa vidole ili mapovu yaachie, maana yanakinyanyua na kukudanganya. Soma pale maji yalipo bapa, si pale yanapopanda ukingoni mwa kioo. Na usipime ikiwa ya moto: itasoma chini kuliko ukweli. Ile sampuli usiirudishe kwenye ndoo, ionje.

Nawajua wenzangu. Tunataka bia iwe tayari kabla wageni wa Jumamosi hawajafika, tupige picha ya glasi yenye povu. Kalenda haipiki bia, jamani! Hamira haijui leo ni tarehe ngapi. Mtu anakwambia "siku 14" kama vile anaishi chumbani kwako na anajua baridi yako.

Msomaji wangu kaniandikia tena jana usiku: sasa ni 1.012, chupa kashaosha, anaomba ruhusa. Nimemwambia apime tena kesho kutwa. Kanitumia alama ya uso ulionuna.